Viwanda vya vifaa vya bunduki Marekani vinahama majimbo: ni sheria kweli, au wanafuata kodi nafuu?

#1 Mwanamlima

Wakuu, habari za jioni.

Kuna ubishi umetushinda kijiweni, nauleta hapa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba sheria za bunduki Marekani zinafukuza viwanda. Jimbo likibana tu, mwenye kiwanda anakunja jamvi anahamia jimbo jirani. Mfano wake ni Magpul, wale wanaotengeneza magazini za plastiki (vile vikasha vya kuwekea risasi), vitako na vilengeo vya bunduki za aina ya AR-15. Walikuwa Erie, Colorado. Machi 2013 gavana John Hickenlooper akasaini sheria ya kukataza magazini inayobeba zaidi ya risasi 15, ikaanza kutumika Julai 1 mwaka huo. Januari 2014 Magpul wakatangaza wanaondoka: uzalishaji unakwenda Cheyenne, Wyoming, makao makuu yanakwenda Texas.

Mimi nasema anadanganywa. Wyoming haitozi kodi ya mapato, si kwa mtu wala kwa kampuni, na serikali ya jimbo iliwatengea fedha za kuwasaidia kuhamia. Halafu kubwa kuliko yote: sheria ya Colorado haikuwakataza kutengeneza! Ilibana kuuza na kumiliki ndani ya jimbo. Wangebaki Erie wakauza majimbo mengine bila shida yoyote. Kwa hiyo sheria ilikuwa kisingizio, kodi ndiyo sababu.

Mlioko huko na wenye uelewa, karibuni. Wenye ushabiki wa Trump na Biden wapite uzi wa jirani.

#2 Mtu Chake

Nimewahi siti ya dirishani. Wabishi waje, kahawa juu yangu.

#3 Nyati Mweusi

Mwanamlima, mada nzuri ila umeanzia katikati. Rudi nyuma kidogo.

Julai 20, 2012 mtu aliingia ukumbi wa sinema Aurora, Colorado, akaua watu 12. Alikuwa na magazini ya duara yenye uwezo wa risasi 100. Desemba 14 mwaka huohuo ikatokea ya shule ya Sandy Hook, Connecticut: watoto 20 na watu wazima 6. Hapo ndipo majimbo yakashika kalamu. New York wakapitisha yao Januari 2013, Colorado Machi, Connecticut Aprili, Maryland ikasainiwa Mei. Yote ndani ya miezi mitano.

Sasa tazama waliofungasha baada ya hapo. HiViz, watengenezaji wa vilengeo vinavyong'aa, walitoka Fort Collins, Colorado wakaenda Laramie, Wyoming. Wa bunduki zenyewe nao: PTR walitoka Bristol, Connecticut wakaenda Aynor, South Carolina. Kahr walitoka New York wakavuka mpaka hadi Pennsylvania. Beretta wakatoa uzalishaji Maryland wakaupeleka Gallatin, Tennessee. Colt naye akahama Connecticut. Wote hawa walikutana kwenye kodi? Sheria zimepita mwaka mmoja, kuhama kukafuata palepale. Hiyo si bahati mbaya.

#4 Wakili wa Kata

#3 rekebisha hapo kwa Colt. Hakuhama. Yuko West Hartford, Connecticut mpaka leo. Alifilisika 2015, na mwaka 2021 akanunuliwa na Wacheki, kundi la Česká zbrojovka. Sheria ya Connecticut ilimkuta pale na ikamwacha pale.

Ukiniuliza, huyo ndiye shahidi mkubwa wa Mwanamlima. Jimbo moja, sheria moja, mmoja kaondoka, mwingine kabaki.

#5 Shangazi Tosha

Nyati keshaanza kuhamisha viwanda vya watu kwa kalamu 😂

#6 Fundi Jalia

Niingie kwa upande wangu. Mimi nafanya kazi kwenye plastiki, Vingunguti, mashine za kupiga ndoo, makopo na vifuniko. Siasa za Marekani sizijui, kalibu nazijua.

Magazini ya Magpul ni plastiki ngumu. Kilichomo ndani ni springi, kile kisahani kinachosukuma risasi juu, na sahani ya kufungia chini. Basi. Mali ya mwenye kiwanda ni kalibu zake za chuma, kila moja imechongwa kwa muda mrefu na kwa fedha nyingi. Kalibu unaifungua boliti, unaining'iniza kwa mnyororo, unaishusha kwenye palleti, foklifti inabeba. Ukifika kwenye mashine nyingine yenye nguvu ileile ya kubana, unaifunga, unaunganisha mipira ya maji ya kupooza, unatupa vipande vya kwanza vyenye madoa mpaka joto likae sawa, halafu unaendelea na kazi. Nimehamisha kalibu kutoka karakana moja kwenda nyingine na zamu ya usiku ikazalisha.

Mchonga mitutu hawezi hivyo. Nyundo za kufua chuma zimekaa kwenye misingi ya zege, na zimezungukwa na mafundi waliorithishana kazi. Kwa hiyo msishangae miongoni mwa waliotangulia kuondoka wamo wa vifaa: magazini, vilengeo, vitako. Wao ni wepesi wa kubebeka. Sheria au kodi, mwenye mzigo mwepesi ndiye anayeweza kutisha kwamba ataondoka.

#7 Mwanamlima

Shukrani Fundi, hiyo sikuwa nayo. Lakini bado hujanijibu: wepesi wa kuhama si sababu ya kuhama.

#8 Wakili wa Kata

Turudi kwenye maandishi ya sheria, maana #1 kasoma nusu.

Ni kweli mtengenezaji aliachiwa aendelee kutengeneza kwa ajili ya jeshi, polisi na wateja wa nje ya jimbo. Kifungu hicho kiliingizwa kwa sababu Magpul walipiga kelele. Tatizo lilikuwa tafsiri ya kilichokatazwa. Sheria haikuishia kwenye magazini inayobeba zaidi ya 15. Iligusa pia ile iliyoundwa kwa namna ya kubadilishwa kirahisi ibebe zaidi. Sasa chukua magazini ya kawaida, igeuze uangalie chini. Kuna sahani ya kufungia, unabonyeza kidude unaitelezesha, inatoka, ndivyo watu wanavyosafisha vumbi. Ukishaitoa unaweza kufunga kirefushio. Kwa hiyo hata magazini ya risasi 10 ingeweza kusemwa "inabadilika kirahisi". Mabishano yakaanza hapo, mpaka mwanasheria mkuu wa jimbo akalazimika kutoa mwongozo wa namna ya kukisoma kifungu.

Juu ya hapo, magazini kubwa zilizotengenezwa Colorado baada ya Julai 1, 2013 zilitakiwa kuwa na alama ya kudumu ya kuzitambulisha.

Jiweke kwenye nafasi ya kiwanda kidogo kinachompigia Magpul plastiki. Wewe si Magpul, wewe ni mkandarasi tu. Lori lako limebeba magazini za risasi 30 kutoka karakana yako kwenda ghala lake, ndani ya Colorado. Uko salama au hauko salama? Mwanasheria wako anakwambia "nadhani uko salama". Neno "nadhani" mwenye kiwanda halimpi usingizi.

#9 Mhasibu Njaa

Naunga mkono #1 kwa asilimia zote. Fuateni hela.

Chukueni Remington, wale wa bunduki. New York walipopitisha sheria yao ya Januari 2013 Remington alilalamika sana, akatangaza kufungua kiwanda Huntsville, Alabama mwaka 2014, ndani ya jengo la zamani la Chrysler. Alabama na Huntsville wakamwaga motisha za karibu dola milioni 70, yeye akaahidi ajira kama 2,000. Matokeo? Kafilisika 2018, kafilisika tena 2020, vipande vyake vikauzwa mnadani. Ajira alizoahidi hazikufika hata karibu.

Mtu anayekimbia sheria anakimbia hata bila nauli. Huyu alisubiri nauli kwanza.

#10 Mama Kelvin

Salaam wapendwa. Mimi naishi kaskazini mwa Colorado, miaka hiyo ya 2013 nilikuwa hapahapa. Niwape picha halisi.

Kwanza jiografia. Kwenye ramani mnaona kampuni imehama jimbo mnadhani ni safari ya Dar hadi Mwanza. Cheyenne iko jirani kabisa na mpaka. Kutoka Fort Collins ni barabara kuu ya I-25 moja kwa moja, chini ya saa moja kama hakuna theluji wala upepo. Wapo watu wanaolala Colorado na kufanya kazi Wyoming. Kwa hiyo Magpul alihamisha mashine zake bila kuwapoteza mafundi wote. Hilo peke yake liliipunguzia kampuni gharama kubwa.

Pili, msidharau hasira ya watu. Kabla sheria haijaanza Magpul walikuwa wanauza magazini kwa wakazi wa Colorado kwa kipaumbele, watu wawahi kuwekeza kabla ya Julai 1. Mwishoni mwa Juni ikafanyika hafla Glendale, hapa karibu na Denver, helikopta ikaleta maboksi ya magazini watu wakagawiwa. Mimi sina bunduki na sitaki kuiona nyumbani kwangu, lakini majirani zangu walikwenda kama wanakwenda harusini. Septemba 10 mwaka huo maseneta wawili wa jimbo waliounga mkono sheria, John Morse aliyekuwa rais wa Seneti na Angela Giron wa Pueblo, waliondolewa kwa kura ya wananchi kabla ya muda wao. Haikuwahi kutokea Colorado.

Tatu, sheria yenyewe mtaani ilikuwa na matundu. Kuna maduka yaliuza magazini kubwa ikiwa imevunjwa vipande ndani ya mfuko, wakasema ni vipuri. Ukifika nyumbani unaunga. Mwenye duka hana habari.

Kiwanda alichokuwa anafanya kazi rafiki yangu Mkongo, sitakitaja, kilikuwa kinapiga plastiki za watu mbalimbali. Mteja mkubwa alipoondoka, zamu zikapunguzwa, waliokuwa wa mwisho kuajiriwa wakawa wa kwanza kutoka, na wengi wao walikuwa wageni kama sisi. Mkibishana kodi au sheria, wale hawakupata kodi nafuu wala bunduki.

#11 Shangazi Tosha

Pole kwa rafiki yako Mama Kelvin.

Ila nimecheka jambo moja. Maduka ya bangi Colorado yalifunguliwa rasmi Januari 1, 2014. Tangazo la Magpul la kuhama ni Januari 2, 2014. Jimbo limefungua msuba leo, kesho yake mtu wa magazini anafungasha. Labda alikimbia moshi jamani, mbona hilo hamlisemi?

#12 Mtu Chake

#11 wewe ndiye unatakiwa upewe uprofesa.

#13 Nyati Mweusi

Mhasibu, hoja yako ya nauli nimeielewa, lakini mnasahau mteja. Mteja wa biashara hii ananunua kwa imani. Anataka kujua wewe uko upande gani.

Kumbukeni Smith & Wesson. Machi 2000 walikubaliana na serikali ya Clinton kuweka kufuli za usalama na masharti mengine ya mauzo. Wateja wakawasusa. Maduka yakarudisha mizigo. Wenye kampuni walikuwa Waingereza, Tomkins, waliinunua mwaka 1987 kwa zaidi ya dola milioni 110. Mwaka 2001 wakaiuza kwa dola milioni 15, mnunuzi akabeba na madeni. Na aliyeinunua ni nani? Saf-T-Hammer, kampuni ndogo ya Arizona iliyokuwa inatengeneza kufuli za bunduki. Yaani muuza kufuli kamnunua mwenye bunduki!

Sasa Magpul aliliona hilo. Angebaki Colorado, kila magazini anayouza Texas ingekuwa inalipa kodi kwa jimbo lililopitisha sheria ile. Wateja walimwambia wazi: ondoka au tunanunua kwingine. Naye alikuwa ametishia hadharani kwamba sheria ikipita anaondoka. Ukishatishia mbele ya wateja wa aina hiyo, halafu ukabaki, umekwisha.

#14 Mwanamlima

Nyati, hapo umenisaidia mimi. Kama ni kulinda wateja basi ni biashara, si sheria.

#15 Nyati Mweusi

Wateja walikasirishwa na nini, mvua?

#16 Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, hakuna aliyetaja chama cha wafanyakazi. Mimi nimestaafu reli, Tabora, nilikuwa kwenye tawi la chama miaka yangu yote, pua yangu inanusa haya mambo mapema.

Angalieni ramani ya wanakokwenda. Tennessee, South Carolina, Alabama, Georgia, Mississippi, Texas, Wyoming. Yote ni majimbo ambayo sheria hairuhusu mfanyakazi kulazimishwa kuchangia chama, kwa hiyo vyama ni dhaifu. Angalieni wanakotoka: New York, Connecticut, Massachusetts, Illinois.

Winchester ya risasi ilikuwa East Alton, Illinois. Mwaka 2010 wafanyakazi wenye chama walikataa mkataba waliopewa na kampuni. Novemba mwaka huo kampuni mama, Olin, ikatangaza kupeleka utengenezaji wa risasi kubwa Oxford, Mississippi. Wakati ule hapakuwa na Sandy Hook wala magazini ya 15. Palikuwa na mshahara.

Remington ya Ilion, New York, kiwanda kilichoanzia kwa Eliphalet Remington mwaka 1816, wafanyakazi wake walikuwa chini ya chama cha wachimba migodi. Kikafungwa Machi 2024, kazi zikapelekwa LaGrange, Georgia. Wenye kampuni wakasema mazingira ya kisheria New York ni mabaya. Lakini sheria ile ilikuwa ya 2013. Mtu anakaa na sheria miaka 11 ndiyo ghafla inamuuma?

Sheria ya bunduki ni sababu nzuri sana ya kumwambia mwandishi wa habari. Ukimwambia "nafuata vibarua rahisi" utasusiwa na wapiga risasi wenyewe, wengi wao ni vibarua.

#17 Wakili wa Kata

Mzee shikamoo. Hoja nzito, ila nikupinge kidogo. Mwaka 2021 New York ilipitisha sheria nyingine inayofungua mlango wa kuwashtaki watengenezaji bunduki kwa kusababisha kero kwa umma. Kitaifa kulikuwa na sheria ya 2005 inayowakinga na kesi za aina hiyo. New York ikatafuta upenyo. Na Februari 2022 familia tisa za Sandy Hook zililipwa dola milioni 73 na kampuni za bima za ile Remington ya zamani. Kwa hiyo haikuwa sheria ya 2013 peke yake, hofu ilikuwa inaongezeka.

#18 Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. Hofu ya kesi inaishaje kwa kuhamia Georgia? Bunduki ikiuzwa New York si atashtakiwa New York huko huko?

#19 Shangazi Tosha

Wakili kapigwa chenga na mstaafu 😂😂

#20 kinyozi254

Niaje wadau, natoka Nakuru. Hapa kwetu Eveready walifunga kiwanda cha betri 2014, wakaanza kuleta betri kutoka Misri. Cadbury pia walifunga cha Nairobi mwaka huohuo, bidhaa zikatoka Misri. Hakuna sheria ya bunduki hapo, ni gharama ya stima na mali ya bei rahisi kutoka nje. Kila kampuni ikiondoka husema serikali imeiumiza. Ukiuliza serikali, itakwambia kampuni ilikuwa na mashine za zamani.

Lakini kuna kesi inayofanana na ya Colorado zaidi: mifuko ya plastiki. Agosti 28, 2017 Kenya ilipiga marufuku kuitumia, kuiagiza na hata kuitengeneza. Hapo mtengenezaji hakuachiwa dirisha la kuuza Uganda. Colorado walimwachia Magpul dirisha, akakataa kupitia. Sasa niulize: nani ana haki zaidi ya kulalamika, mwenye kiwanda cha mifuko Industrial Area ama Magpul?

#21 Fundi Jalia

Kinyozi umenigusa. Juni 1, 2019 ilipofika zamu ya Bongo, kuna mashine za mifuko nilizozijua zilibaki zimefunikwa maturubai. Zile hupuliza filamu, huwezi kuzifunga kalibu ukapiga ndoo. Wenye mashine kama zangu tulipona. Ndiyo maana nasema tazameni mashine kabla ya kutazama sheria.

#22 Mtu Chake

Mzinga ya Morogoro, wale wa risasi, nayo ikitishia kuhama itakwenda wapi? Unguja? Tutaipokea, tuna nafasi pembeni ya karafuu.

#23 Askari Mstaafu

#22 lile ni shirika la serikali, halihami kwa sababu ya gavana. Tusichanganye mambo.

Nirudi kwenye mada. Watu mnaongelea Beretta bila kueleza uchungu wake. Kiwanda cha Accokeek, Maryland kilikuwa kinatengeneza bastola ya M9, ile iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1985. Magazini yake ya kawaida inabeba risasi 15. Sheria ya Maryland ya 2013 ilishusha kikomo cha mauzo kutoka 20 hadi 10. Maana yake bastola ya jeshi la nchi, imetengenezwa Maryland, lakini huwezi kuinunua dukani Maryland ikiwa na magazini yake ya kawaida. Muswada wa kwanza ulikuwa mkali zaidi, ungegusa hata kutengeneza na kuhifadhi. Ukalegezwa. Beretta wakasema mmeulegeza leo, kesho je? Kwanza walitangaza Tennessee watajenga kiwanda cha kupanulia tu. Julai 2014 wakasema uzalishaji wote wa Maryland unakwenda. Ofisi ikabaki Accokeek.

Mtu mwenye nyumba iliyoanza 1526 kule Italia haangalii kodi ya mwaka huu. Anaangalia kama atalala salama miaka 50 ijayo.

#24 Mhasibu Njaa

Mwenye nyumba ya tangu 1526 ndiye anayeijua kodi kuliko sisi wote, mkuu. Ndiyo maana nyumba imesimama.

#25 Bukavu Moja

Jambo kwenu bakubwa. Mimi niko Springfield, Massachusetts, tuko Wakongo wengi huku. Naona hamjafika kwetu, na kwetu ndiko kwenye mji wa bunduki. Ghala la silaha la serikali lilianza hapa wakati wa George Washington, likafungwa 1968. Smith & Wesson wako hapa tangu miaka ya 1850.

Septemba 2021 walitangaza makao makuu yanakwenda Maryville, Tennessee, na kazi 750 zinakwenda nazo. Sababu waliyotoa: muswada bungeni Massachusetts wa kukataza kutengeneza aina fulani za bunduki kwa soko la raia. Mkubwa wao akasema bidhaa ambazo zingeguswa ni zaidi ya asilimia 60 ya mapato. Sikilizeni vizuri: muswada. Haukuwa sheria. Na ule muswada haukupita. Walihama kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea.

Lakini hawakuondoka wote, watu mnakosea hapo mkisema "kahama". Zaidi ya watu 1,000 walibakizwa Springfield. Waliobaki ni wa kufua chuma, wa kuchonga na wa kuunganisha zile bastola za silinda. Yule fundi wa plastiki amesema kweli kabisa: nyundo zimebaki, plastiki na makaratasi vimekwenda.

Nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya kuchonga vipande vya chuma, tunapata oda za watu wa bunduki na za watu wa ndege. Siku tangazo lilipotoka bosi alituita, akasema tusiogope, tuna ndege. Baadaye oda za ndege ndizo zilizopungua kwanza. Kazi haina adabu.

#26 Nyati Mweusi

Bukavu asante sana. Lakini unaona? Asilimia 60 ya mapato! Wewe ungesubiri muswada upite ndipo ununue kiwanja Tennessee? Kujenga kunachukua miaka, Maryville wamefungua Oktoba 2023. Anayesubiri sheria isainiwe keshachelewa.

#27 Mzee wa Reli

Na Tennessee haitozi kodi ya mapato ya mshahara, na vyama vimelala. Nasema tu.

#28 Mwanamlima

Mnaniongezea hoja kila mnapobisha.

Swali jipya kwa kambi ya sheria. Kama jimbo rafiki ni kinga, mbona Slide Fire hakukingwa? Alikuwa Moran, Texas, jimbo la bunduki kuliko yote, anatengeneza kile kitako kinachochezacheza mbele na nyuma mpaka bunduki ya kawaida inatoa risasi mfululizo. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 1, 2017 mambo yakamgeukia, Mei 2018 akafunga mauzo. Marufuku ya kitaifa ikaanza Machi 2019.

#29 Wakili wa Kata

Kwa sababu ile ilikuwa kanuni ya serikali kuu, nayo huwezi kuikimbia kwa lori. Hata hivyo Juni 14, 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa, majaji 6 kwa 3. Ila mwenye kiwanda alikuwa ameshafunga miaka sita kabla. Ndiyo hoja ya #26 kwa upande wa pili: biashara haisubiri hukumu.

#30 Mama Kelvin

Niongeze la karibuni. Aprili 2025 gavana wetu Jared Polis alisaini sheria nyingine, hii inabana bunduki zenyewe zinazopokea magazini ya kuchomoa. Kuanzia Agosti 2026 mnunuzi lazima awe amepitia mafunzo na kibali. Safari hii sikusikia kelele za kiwanda kikubwa kutishia kuhama kama 2013. Aliyekuwa na sauti hiyo keshaondoka.

Na Magpul hakufa. Desemba 2016 Marines wa jeshi la Marekani waliidhinisha magazini yao ya plastiki. Sasa ni mchango wa Wyoming huo, au angepata tu hata akiwa Erie?

#31 Mhasibu Njaa

Angepata. Marines hawanunui anwani.

#32 Bukavu Moja

Bado kuna mmoja hamjamtaja, naye ni wa vifaa hasa: Troy, wa vilengeo na reli za kufungia vitu kwenye bunduki. Alikuwa West Springfield, ng'ambo ya mto tu kutoka kwangu. Alitangaza 2021 kwenda Clarksville, Tennessee, akasema ni hali ya sheria Massachusetts. Lakini fungueni ramani: Clarksville imepakana na kambi ya Fort Campbell, makao ya Divisheni ya 101. Askari wanaomaliza mkataba wanatafuta kazi mjini palepale, na wanaijua bunduki kuliko fundi yeyote wa kufundishwa. Hiyo nayo muiweke wapi, kodi au sheria?

#33 Askari Mstaafu

Hiyo iweke kwangu. Mtu aliyelala na bunduki miaka mitano humfundishi kazi ya vilengeo.

#34 Shangazi Tosha

Tumefika sababu ya ngapi sasa? Sheria, kodi, vyama, wateja, kalibu, maaskari na bangi yangu. Mwanamlima ukirudi kijiweni usiseme tulikutuma.

#35 Fundi Jalia

Mama Kelvin, kama rafiki yako bado yuko kwenye plastiki muulizie: mashine zilizobaki baada ya mteja kuondoka ziliuzwa au zimekaa? Nina mtu anatafuta ya tani 250, atalipa usafiri wa meli.

#36 Mama Kelvin

Nitamuuliza Jumapili baada ya ibada. Nitumie ujumbe pembeni.